Majani Yako Yamerudi, Mama

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako nitajiitikia mwenyewe, maana nina haraka ya kukupa habari: majani yako yamerudi!

Siku tuliyokuzika watu walijaa uani, jua la kiangazi linawaka, na turubai halikupatikana mji mzima. Basi wanaume wakashika mapanga wakaingia bustanini. Magimbi pori, migomba ya mapambo, ile mibono yako myekundu, yote ikakatwa watu wapate kivuli na pa kukalia. Yaliyobaki yakakanyagwa. Nilikulilia wewe, halafu nikayalilia majani, kwa sababu uliniahidi nitaolewa katikati yake. "Vitambaa vya kupambia havipo dukani, Vero, lakini majani hayana foleni." Ulisema hivyo huku unacheka.

Baba akaamua pale papandwe mahindi. Sikumlaumu, njaa ilikuwa njaa, na unga wa njano wa msaada ulikuwa umetuchosha. Mvua za kwanza ziliponyesha akatoka na jembe. Nilibaki jikoni, sikutaka kuona. Jembe likalia kidogo, likanyamaza. Kuchungulia, Baba amechuchumaa, ameshika ncha ya jani la gimbi lililojiviringa, limechomoza kwenye udongo uliokanyagwa na mtaa mzima wa Bagara.

"Mama yako huyu mbishi," akasema. Mahindi akayapanda nyuma ya banda la ng'ombe.

Tangu siku hiyo samadi anabeba mwenyewe. Mimi nayamwagia majani maji ya vyombo kila jioni kama ulivyonifundisha, na kwa jinsi sabuni ilivyoadimika, hata povu hayana. Mibono imejiotea kwa mbegu zilizodondoka, na sasa imempita Baba kimo.

Ila yale madogo ya rangi rangi, ya zambarau na kijani, hayakurudi. Nilishakata tamaa. Juzi akaingia jirani yetu Mama Paulo, yule yule aliyekuwa akikuuliza majani yako yanaliwa na chumvi au na mafuta. Kichwani ana karai, limejaa miche yake! Kumbe siku ya msiba alichukua tawi la kujipepea, akafika nalo nyumbani, akalichomeka tu ardhini. Na si yeye peke yake. Nikienda kijijini Bonga sasa nayaona kwenye nyua za watu, hata za wale waliokucheka. Nilicheka njiani peke yangu mpaka mtu wa baiskeli akasimama kuniuliza kama mimi ni mzima.

Ndoa ni Jumamosi, Mama. Sukari ya chai bado hatujapata, na gauni nililoazima linanibana. Lakini ungeuona ua wako! Jani moja la gimbi linamfunika mtoto asionekane. Nimefurahi, na katikati ya furaha nakukumbuka.

Jumamosi alfajiri, kabla sijavaa hilo gauni, nitakuja kaburini na jembe na miche ya Mama Paulo. Nitaichomeka pande zote. Na nikishahamia kwa mume wangu kule Bonga, kila nikija mjini nitapita kuimwagilia, nakuahidi. Mvua ikiendelea hivi, watu watakutafuta wasikuone kwa majani.

Pumzika, mbishi wangu.

Binti yako,
Vero