Utepe wa Kijani Usitoke Nyumbani

Keo mwanangu,

Wali wa kunata umo kapuni. Mpe bibi kwanza.

Utepe wa kijani ulioushonea mtumbwi wa mashindano usitoke nyumbani. Asubuhi uliniambia, "Mama, ni kitambaa cha dukani tu." Simshuku mtu, lakini sketi yangu ya hariri imepungua pindo. Nguo ya kiunoni mwa mwanamke haifungwi kwenye omo, ncha ya mbele ya mtumbwi. Mzimu unaoulinda mtumbwi huchukia, na kaka yako ndiye anayekaa mbele.

~~Nitamwambia baba yako.~~ Tutanyamaza, mimi na wewe.

Kata kipande cha shali yangu; nguo ya begani haina mwiko. Ikunje, shona ukingo, kisha ugeuze utepe huo mpya kwa pini, mshono uingie ndani, kabla ya saa sita.

Mwaka niliodanganya mimi kuhusu utepe, babu yako alirudi akiogelea.

Mama