Picha ya Mifupa ya Mbuke

S.L.P. 12,
Rujewa, Mbeya.
9 Septemba 1977

Mpendwa Kaka Ndalahwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama na shemeji Ngolo. Je, kifua cha Mama kinaendeleaje? Huku mpunga umeshavunwa, na ng'ombe bado wanapata majani bondeni.

Barua yako ya Julai niliipata. Ulisema wewe na Mama mmekubaliana nimrudishe mke wangu Roza kwao, kwa kuwa mtoto wa miaka sita kama Mbuke hawezi kuvunjika paja, kisha mkono, bila kupigwa na mama yake. Sikukujibu kwa sababu na mimi niliamini hivyo. Roza alikana. Nikamwambia afunge mizigo.

Tarehe 16 Agosti nilimpeleka Igawa kwa mkokoteni wa ng'ombe ili apande basi. Mbuke alikuja kumsindikiza mama yake. Tulipofika barabarani nilimshika Mbuke mkono ili nimteremshe. Sikumvuta. Mfupa ulilia ka! mkononi mwangu, naye akapiga yowe. Roza alinitazama. Jirani yetu Timotheo alirudisha mkokoteni, na sisi watatu tukadandia lori lililokuwa likienda Mbeya.

Hospitalini, mpiga picha za eksirei aitwaye Asukile alimlaza Mbuke mezani. Picha ilipotoka alidhani mashine imekosea, maana mifupa ilikuwa myeupe pe mwanzo hadi mwisho. Akarudia, ikawa vilevile. Kisha akaniambia, "Baba Mbuke, hebu weka na wako hapa." Akaupiga picha mkono wangu.

Daktari Kalinga alizitundika picha hizo kwenye kioo chenye taa. Mfupa wangu ni mweupe kandokando, na katikati una weusi. Hapo ndipo penye uboho. Wa Mbuke hauna nafasi hiyo kabisa.

"Ni mgumu kupita kiasi," alisema, "lakini ni ugumu wa chaki. Ukiushika vibaya unakatika."

Nikamuuliza kama ni kwa kupigwa.

"Hapana. Amezaliwa hivyo. Na ugonjwa huu haukutoka kwa mama peke yake, umetoka kwenu wote wawili."

Alisema ugonjwa huu ni wa nadra. Tangu aanze kazi ameona watoto wawili tu, pamoja na Mbuke. Dawa ya kuuponya hakuna. Huenda akavunjika tena, damu ikapungua, na hata macho yakafifia, kwa hiyo tutakuwa tunampeleka kila baada ya miezi mitatu. Kwa sasa mkono umefungwa plasta na unaunga.

Nakuomba umsomee Mama barua hii yote, usiruke mahali. Kisha umwandikie Roza wewe mwenyewe, kwa jina lake.

Mimi nilimwomba radhi siku tuliyorudi. Alikuwa akimvua Mbuke gauni. Hakusema amenisamehe, wala hakukataa. Alisema tu, "Usimshike mkono. Mshike kwapani, hivi." Akanionyesha mara mbili, kisha akaniachia nimnyanyue mwenyewe.

Wasalimie shemeji, mwanao Maganga na watoto wengine wote. Mungu awape mvua mapema mwaka huu na awalinde.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nkuba