Mwanamke Asiyeweza Kutoka Jikoni

Mpendwa mtalaka wangu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba birika limeinuka. Nina mwaka mzima najifundisha kutunga michezo ya kompyuta isiyo na picha, maandishi matupu, na hatimaye mchezaji akiandika "inua birika", birika linainuka. Kabla ya hapo liliganda wiki tatu kama gari letu mwezi Januari.

Birika ni lile lako la bluu. Jiko ni la nyumba yetu ya ghorofani kule Frogtown, pale ulipokuwa ukinywa chai umesimama, koti umeshavaa, kabla hujashuka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Mimi nilibaki juu nikikueleza kwa simu namna ya kukwangua. "Wewe kueleza umejaliwa," ulisema. Nikadhani nasifiwa.

Watu niliwaambia najifunza ufundi. Uongo. Niliutunga mchezo huu ili nikutumie huko Oakdale unakoishi sasa, uucheze mpaka mwisho, uone kwamba ulikosea kuniacha.

Kwanza nikamwomba wifi yako Rehema aujaribu. Akaja kutoka kwake Richfield, akavua buti. Mchezaji huchagua kuwa mke au mume; akachagua kuwa wewe.

"Kaka, mbona huyu haondoki?"

"Haondoki vipi?"

"Nimeandika 'ondoka' mara sita. Kila mara narudishwa jikoni, naambiwa chai inachemka."

"Hiyo hitilafu ndogo tu. Hebu kuwa mume."

Akawa mume.

"Mume kashinda."

"Ee."

"Lakini hajafanya kitu! Kakaa kwenye kochi, kashinda. Tena ana hotuba. Haya maneno yote ulimwambia lini wifi yangu?"

Niliisoma upya ile hotuba: kurasa mbili, nimejaa busara, nazungumza kwa sauti ya chini, mpaka nakupa leso ufute machozi. Wewe nimekupa sentensi nne, tatu za kuomba radhi. Nimesoma mambo ya kutapisha mengi, ila hili nililiandika mwenyewe, na nikalihariri mara kumi na moja.

Siku ile uliposimama mlangoni na sanduku, baridi ya ngazini ikiingia ndani, nilisema sentensi moja, nayo unaikumbuka: "Funga mlango, joto linatoka."

Ukaufunga, taratibu. Hata hapo ulikuwa na adabu.

Basi hotuba nimeifuta. Alama alizopata mume kwa kukaa tu kwenye kochi pia. Na ile haikuwa hitilafu. Mstari wa kukurudisha jikoni niliuandika nikijua ninachofanya. Huo nao nimeutoa. Mchezo sikutumii tena, ni barua hii tu. Nakuaga sasa, kwa kuwa siku ile sikukuaga.

Ukiandika "ondoka", unaondoka, na mchezo mzima unaisha ndani ya nusu dakika.

Mtalaka wako