Kikohozi Changu, Jina la Mwenzangu

Mshauri mpendwa, nipokee na shida yangu, naomba msaada kabla sijavunja nyumba ya mtu. Mimi ni mtu wa bara, mwaka wa nne sasa nakata mawe machimboni huku Malindi, nalala Muyeye chumba kimoja na wenzangu watatu, na tangu Krismasi nakohoa hadi natema damu. Niliambiwa zahanati ni ya wenyeji, ukifika utaulizwa chifu wako ni nani, basi Randu, ninayekata naye mawe, akanipa kadi yake akicheka, "Shika, leo wewe Mgiriama, wakikusemesha Kigiriama kohoa tu," nami nikaenda, nikaitwa Randu nikaitika, nikatoa makohozi yakapimwe, lakini sikurudi kuchukua majibu kwa sababu nyapara hatoi ruhusa mara mbili.

Wiki iliyopita mhudumu wa afya alifika kwa Randu, akamkuta mkewe, Mbeyu, akamwambia mumeo ana kifua kikuu, aje aanze dawa. Randu kurudi kutoka kazini, mke amekwenda kwao na watoto. Alimfuata akamwambia mgonjwa si yeye, naye akamjibu, "Kadi si yako? Jina si lako?" Kila siku Randu ananiambia, "Ndugu, sema," nami namjibu kesho, kwa kuwa nikisema nitapoteza kazi na wenzangu watanitoa chumbani. Nifanye nini?

Mkata mawe, Muyeye

Ndugu mkata mawe, kwa kikohozi nakupa pole. Kwa ile "kesho" yako sikupi. Wajua ugonjwa wako, wajua dawa ipo, na bado wawakoholea watu watatu chumba kimoja? Nyapara gani atakayemwajiri maiti?

Aliyekuambia zahanati ni ya wenyeji alikupoteza. Mhudumu hamtaki chifu wako, ataka kifua chako. Ukishasoma hapa, mfuate Randu mwende pamoja, useme, "Mgonjwa ni mimi," uandikwe upya, upewe kadi yako mwenyewe, na dawa uitumie miezi yote utakayoambiwa, hata ukijiona mzima. Wenzako wa chumbani nao wakapimwe. Waambie mwenyewe, wasije wakaambiwa mlangoni kama Mbeyu. Kisha, siku hiyo hiyo, nenda kwao Mbeyu na kadi zote mbili mkononi, yako na ya Randu, ukaseme mbele ya wazazi wake. Usimtume mtu.

Jina la mwenzako nimelibadilisha hapa gazetini, maana limeugua vya kutosha bila kosa. Lako hukuliandika, nami sikulaumu. Kwangu waweza kulificha. Kule zahanati wakiliuliza, litaje.