Tipwatipwa wangu

Chang'ombe, Jumanne, Mfungo Tatu.

Kosa langu, basi. Miaka thelathini namwita mke wangu Tipwatipwa, leo asubuhi nikajitia adabu nikamwita Mwanahawa.

Homa imemkondesha. Kanga iliyokuwa ikimfika kwa taabu sasa anaizungusha mara mbili. Nikaona nikimwita jina lile nitakuwa namcheka mgonjwa.

Akaweka chini kikombe cha kwinini. "Bwana we, daktari kakwambia nini? Nakufa?"

"Anasema unapona!"

"Basi mbona waniita kama unanisomea hitima?"

Akalia kweli. Mie niliyeishia darasa la pili la Wajerumani ningemwelezaje? Mnene ni neno la kusemea gunia. Tipwatipwa ni mtu unayemwona akipita ukumbini, ukafurahi kwamba nyumba imejaa.

Nikamwambia, "Tipwatipwa, kunywa dawa, mchuzi wa pweza unapoa."

"Huna haya, mzee," akasema, akanywa. Mchuzi akaumaliza, na wangu pia.

Lakini mifupa ile ya mabega... Naogopa bado. Kesho nitamwita kwa sauti kubwa uani, majirani wote wasikie kwamba bado ninaye.