Gari Lililokupandisha Sekenke

Ulemo, Jumamosi mchana

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, na sitaanza leo.

Nakuandikia kwa sababu Mzee Ntandu anauza ile pikapu yake, na kesho baada ya ibada anataka jibu langu. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri jua likianza kuzama, na mwanawe aliyeko Itigi amemwita akakae naye. Kuna mtu wa Singida mjini ameshakuja mara mbili kuliangalia hilo gari, ila mzee amenipa mimi nafasi ya kwanza kwa heshima yako. Kila mtu hapa ana la kusema. Shangazi anasema usinunue, jirani anasema nunua, mchungaji anasema omba kwanza. Wewe tu ndiye sijakusikia, wewe uliyekuwa na neno juu ya kila pikapu iliyopita barabara hii.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Alizeti tumeshavuna na kupiga. Magunia yamejaa chumba cha mbele, tunapita ubavu kwenda kulala. Upepo wa mwezi wa saba umeanza, mavumbi mpaka kwenye uji. Ng'ombe wote wapo. Yule mwekundu amezaa dume, na Mama amekataa kumpa jina. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka, nakamua. Watu wananisifu kwamba nimejikaza kiume. Sijajikaza, Baba. Sisikii kitu. Tangu tulipokuzika niko kama mkono uliolaliwa usiku kucha, unaugusa unaona si wako. Sijalia hata siku moja. Mwanzoni nilijilaumu, siku hizi hata hilo nimeliacha.

Basi turudi kwenye gari.

Nimekaa nikakumbuka yote uliyowahi kuyaangalia. Ile ya kijani ya mwalimu mkuu. Ile ya padri iliyokuwa na mlango mmoja wa rangi nyingine. Ile ya Misigiri ambayo mwenyewe alikufukuza kwa sababu ulikaa chini yake mpaka mkewe akaanza kuuliza kama umelala. Mtindo wako ulikuwa mmoja. Unafika na gunia lako kwapani. Unasalimia, unalitandika gunia chini ya injini, kisha unaomba chai. Unainywa taratibu mpaka mwenye gari anaanza kutazama saa. Halafu unalivuta gunia na kuliangalia kama kuna tone la oili. Baada ya hapo unaingia chini kutafuta mahali palipochomelewa, unagonga bodi kwa kifundo cha kidole, unatoka na mavumbi mgongoni, unasema, "Ni zuri, ila tusiharakishe."

Na kweli hukuharakisha. Ulinipeleka mimi chuo cha udereva Singida kabla hata ya kuwa na gari. Watu wakakucheka, mtu gani ananunua hatamu wakati hana punda. Ukawajibu, "Dereva ninaye, kilichobaki ni kidogo." Leseni yangu ilikaa kwenye Biblia yako muda wote huo. Kila mara ulipokaribia kuuza ng'ombe ili tulipie gari, mmoja wao alikuwa na mimba. "Tusubiri azae," unasema. Akizaa, mwingine ana mimba. "Ng'ombe anazaa, gari halizai." Mama akakujibu siku moja kwamba hata yeye alishaacha kuzaa na bado umemweka. Ulicheka mpaka ukapaliwa.

Siku ile pia ulikuwa umeenda kuangalia gari. Ulipanda basi la asubuhi kushuka Shelui, kulikuwa na pikapu nyeupe pale yanapoegesha malori. Saa nne wakanipigia simu kwamba umeanguka. Nikaenda kwa Mzee Ntandu, naye hakuuliza mafuta wala nini, akachukua ufunguo. Tulipofika kituo cha afya ulikuwa umeshaondoka. Nesi alinikabidhi viatu vyako, simu yako, na gunia lako. Alikuwa amelikunja vizuri kabisa, pembe kwa pembe, nikamshukuru kwa kulikunja. Sikumbuki kama nilimshukuru kwa lingine lolote.

Hukujua ya msibani, ngoja nikuambie. Mzee Ntandu ni Mnyaturu na sisi Wanyiramba, kwa hiyo utani ulikuwa haki yake, na alikudai yote. Kabla hatujakutoa nyumbani alivaa kofia yako, akatandika gunia chini ya pikapu yake mwenyewe, akaketi kwenye kigoda na kupiga kelele, "Leteni chai! Marehemu hawezi kuzikwa bila kukagua usafiri!" Akaletewa. Akanywa kama wewe, kile kidole chako kidogo kikiwa kimesimama. Akaingia chini ya gari na miguu ikabaki nje. Akatoka, akajipangusa, akatutazama wote, akasema kwa sauti yako hasa, "Ni zuri, ila tusiharakishe. Kaburi lisubiri."

Watu walicheka, Baba. Wazee walicheka. Mama alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na sikujua ni kicheko au kilio. Ilibidi baba mdogo ampe jogoo ndipo avue kofia. Mimi nilisimama pale nikiwaona wanacheka, nikawaza kwamba viti tulivyoazima kanisani havitoshi.

Sasa Shangazi anasema gari lililombeba baba yako kuwa lako wewe ni kujitafutia nuksi. Nilimuuliza anitajie gari moja la Ulemo ambalo halijawahi kubeba maiti. Akafikiri. Hapa kwetu pikapu inabeba alizeti Jumatatu, bibi harusi Jumamosi, na katikati ya wiki mgonjwa au jeneza. Amenuna tu. Kwa hiyo nuksi siiogopi.

Alhamisi nilienda kuliangalia. Nilikwenda na gunia lako. Nilijiona mjinga njiani, nikaendelea tu. Mzee Ntandu aliponiona nalitoa kwapani alifungua mdomo kunitania, kisha akaufunga, akamwambia mkewe aweke maji jikoni. Nilishika boneti kwanza nione kama ameipasha moto injini kabla sijafika, kama ulivyonifundisha. Baridi. Nikatandika gunia. Akaliwasha, likaunguruma. Nikanywa chai taratibu, ingawa ilikuwa na tangawizi nyingi na mimi siipendi. Nikavuta gunia. Kavu, Baba. Nikaingia chini. Chasisi haijaguswa na mtu. Nikagonga bodi yote kuzunguka na hakuna mahali ilipozibwa. Tairi mbili za nyuma zimechoka, hilo tu, na hilo mwenyewe alinitajia kabla sijaliona.

Nikasimama pale na gunia mkononi. Nilikuwa natafuta ubovu. Nilitamani sana kuupata. Nikamsikia mtu anasema, "Ni zuri, ila tusiharakishe," na ni mimi niliyesema.

Mzee Ntandu alinitazama. "Marehemu kakurithisha ugonjwa," akasema. Kisha kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Mwanangu, mimi naondoka. Kuharakisha kupo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu na nikamkuta Mama anapepeta. Nikamwambia gari halina kasoro. Akasema kama halina, uza ng'ombe wawili wasio na mimba, usisubiri mwingine. Nikasema bado kuna jaribio moja halijafanyika. Akauliza lipi, wakati analijua.

Lile la Sekenke. Si ulikuwa ukisema kila siku, "Gari tupu halisemi kweli. Lipakie, lishushe Shelui, lipandishe Sekenke, ndipo mtaongea." Na hakuna mwenye gari hata mmoja aliyewahi kukubali gari lake likapandishwe mlima ule na mzigo wa mtu ambaye hajalipa. Mzee Ntandu mwenyewe aliwahi kukukatalia. Wakati mwingine nadhani ulilitaka jaribio hilo kwa sababu ulijua watakataa.

Ndipo nikamweleza Mama kitu ambacho sikumwambia mtu. Nakueleza na wewe sasa, na unisamehe.

Siku tuliyorudi Shelui kukuleta nyumbani nilikaa nyuma, pembeni ya jeneza, mkono wangu wa kulia juu ya kifuniko lisicheze. Kina mama wanne wa kanisani walikaa upande wa pili wakiimba. Wanaume watano. Na wewe. Na majembe, na mfuko wa saruji wa mtu fulani aliyeomba lifti kwenye gari la msiba. Gari lilijaa. Tulipoanza kupanda Sekenke niliacha kuwasikia wanaoimba. Nilikuwa nasikiliza gia. Niliposikia Mzee Ntandu amerudisha ya pili nikangoja arudishe ya kwanza, hakurudisha. Kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ile kona ambayo malori husimama kupumua, palikuwa na lori limesimama, boneti juu, tukalipita. Nilinyoosha shingo nione kama kuna mvuke mbele. Hakuna. Halikuchemsha, halikukohoa, lilipanda kama limetumwa.

Baba yangu yuko ndani ya sanduku, na mimi najaribu gari.

Na si hilo tu. Tulipofika juu kabisa, pale upepo unapokupiga ghafla, nilifurahi. Nilifurahi kweli. Nikasema moyoni, hili hapa, Baba atalipenda. Nikainama kukuambia. Niliinama mpaka mdomo ukagusa ubao, Baba, nikiwa nimeshavuta pumzi ya kusema. Mama mmoja wa kanisani akanishika bega akidhani nimezidiwa na uchungu, akaniambia lia mwanangu, lia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimesahau kwamba umekufa. Nilipokumbuka ndipo kila kitu kikazima, na hakijawaka mpaka leo.

Mama aliponisikia aliweka ungo chini. Nilidhani atanifokea. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye magunia, machozi yanatoka, akasema, "Na mtu mwenyewe alikuwa ndani! Miaka yote anautafuta mlima huo!" Kisha akajifuta machozi kwa kanga. Akaniuliza, "Ulimwambia?"

Nikasema hapana, kulikuwa na watu.

"Basi mwambie," akasema, akachukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikukaa chini kukuomba ushauri, nilidhani hivyo nilipoanza. Mimi najua kuangalia gari, ulinifundisha. Kilichonishinda tangu Alhamisi si gari. Nikilinunua hili, hakuna tena la kutafuta. Maadamu tunatafuta, naweza kujidanganya kwamba umetoka tu, uko Misigiri au Shelui chini ya pikapu ya mtu, unawachelewesha watu na chai yao, utarudi na basi la jioni na mavumbi mgongoni. Nimeishi na uongo huo miezi yote hii na ulinitosha. Mama anajua. Nadhani ndiyo maana haulizi kwa nini kila jioni naweka sahani tatu.

Nimesimama kidogo hapa. Nimelowesha karatasi upande wa chini, utanisamehe. Ni maji tu ya machoni. Acha yatoke, naona yanataka.

Sasa sikiliza, nikupe taarifa kama ulivyotaka upewe. Watu kumi na mmoja ukihesabu dereva. Mzigo wa saruji na majembe. Jeneza la mninga, zito, unajua mninga. Sekenke yote kwa gia ya pili, bila kusimama, bila kuchemsha. Hakuna aliyelijaribu gari namna hiyo, na hukumlipa mtu hata senti kwa hilo jaribio.

Kesho baada ya ibada namjibu Mzee Ntandu ndiyo. Jumatatu ng'ombe wawili wanakwenda mnadani, yule mwekundu anabaki na ndama wake. Alizeti itashuka Shelui kwa gari letu wenyewe. Mama amesema mara ya kwanza atakaa nyuma, upande niliokaa mimi siku ile, na nisimbishie. Sitambishia.

Nakuahidi hili moja: akija mtu mlangoni kusema ana mgonjwa au ana msiba, nitachukua ufunguo kabla hajamaliza kusema, na sitauliza mafuta.

Gari limepatikana, Baba. Huna haja ya kutoka tena. Lala.

Mwanao,
dereva wako,
Eliamini