Turbo ya Feisal na Mpira Niliouona

Jumapili, Kilifi. Jua limekaa juu ya mabati tangu asubuhi na halina nia ya kuondoka. Feni inazungusha hewa ile ile. Kichwa changu kizito na sina hamu ya kuzungumza na mtu, kwa hivyo naandika.

Wanaosoma kurasa hizi wanaijua kazi yangu: natengeneza viyoyozi na vyumba vya baridi katika hoteli za Bofa. Wanajua pia kwamba nina gari jekundu la milango miwili, la Kijapani, lenye turbo, nililolinunua kwa Mtaliano mmoja wa Malindi aliyekuwa akirudi kwao. Gari limepita miaka ishirini na tano. Mwaka huu niliamua kuliongezea nguvu, na hapo ndipo nilipoanza kumiminiwa ushauri ambao sikuuomba.

Wanaonishauri ni wanaume wa kundi letu la magari. Hukutana kila Jumamosi asubuhi kwenye uwanja ulio nyuma ya kituo cha petroli, wakafungua maboneti na kusimama mikono kiunoni. Mmoja ana bomba la moshi pana kama ndoo, na gari lenyewe hupitwa na malori ya chumvi ya Gongoni. Mwingine amebandika bawa nyuma ya gari ambalo halijawahi kufika mwendo wa kuhitaji bawa. Kahindi, ambaye kwao ni Junju, alinunua kile kifaa kinachoifanya turbo ipige chafya kila unapoachia mafuta, akatuita tusikilize. Tukasikiliza. Gari likapiga chafya. Akafurahi kama aliyepata mtoto.

Nawadharau. Naliandika wazi, kwa sababu leo sina haki ya kulificha.

Turbo, kwa asiyejua, ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa zaidi ndani ya injini hiyo hiyo. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Na joto jingi. Hili la mwisho ndilo wasilolitaja. Mimi joto ndilo linalonilisha. Najua linapopita na linapojificha. Kwa hivyo orodha yangu ilianza na radieta mpya. Ikafuata kipoza hewa kikubwa zaidi, kile kinachokaa mbele na kuipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kisha mipira yote ya maji na oili, maana mpira wa miaka ishirini na tano ni biskuti. Kisha breki. Pampu ya petroli. Kizima moto chini ya kiti. Turbo kubwa niliiandika mwisho kabisa, na alama ya kuuliza mbele yake.

Feisal aliisoma orodha hiyo akacheka. Feisal ndiye anayejiona kiongozi wa kundi, na ni mume wa mdogo wangu Rukia. Ana gari kama langu, la rangi ya fedha, na wakati huo alikuwa ameshalifungia turbo kubwa mara mbili ya ile ya kiwandani. Alinyanyua karatasi yangu akaisoma mbele ya watu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo.

"Dada Zuhura anataka kuongeza nguvu kwa radieta," akasema. "Jamani, dada kazi yake ni mafriji. Mambo ya turbo atuachie sisi."

Walicheka wote. Hata mwenye gari la chafya alicheka.

Kisha akafungua boneti lake tuione hiyo turbo. Nikainama. Mpira unaoipelekea turbo oili ulikuwa mpira wa kawaida, ule unaokatwa kwa mita madukani, umefungwa kwa vibano vya plastiki na umelala kabisa juu ya chuma kinachopitisha moshi. Gari likikazwa, chuma hicho huwa chekundu. Oili ikivuja hapo, inawaka.

Niliona mara moja. Nikanyoosha mgongo.

"Maridadi," nikamwambia.

Nilirudi nyumbani na raha ya ajabu. Niliwaza siku gari litakapomfia barabarani, moshi tele, kundi zima likitazama, naye hajui auweke wapi uso wake. Niliyapanga hata maneno nitakayomwambia. Majuma mawili nilikuwa nayo, nikiyanoa kila nilipokuwa juu ya ngazi nikisafisha viyoyozi vya watu.

Sikumuwaza Rukia. Rukia hupanda gari lile kila siku.

Jana kundi lilikwenda Marafa. Tuliipita Malindi, tukavuka daraja la Sabaki, na baada ya Mambrui tukaingia barabara ya ndani. Feisal alitangulia, Rukia kando yake. Mimi nilikuwa wa pili. Kwenye mwinuko mmoja akakanyaga mafuta ili kutuonyesha. Nilisikia turbo yake ikilia, nikasonya kama kawaida yangu. Kisha moshi wa buluu ukatoka chini ya boneti, ukageuka mweusi, na kabla gari halijasimama sawasawa nikaona miale ya moto.

Feisal aliruka nje akazunguka upande wa pili. Mlango wa Rukia ulifunguka, lakini mkanda haukuachia. Alijiingiza mpaka kiunoni kuuvuta, mkono mmoja ameukita kwenye bati karibu na moto. Mkono huo ndio ulioungua. Hakuuondoa mpaka mkanda ulipoachia.

Nilifika na kizima moto changu nikapuliza kupitia matundu ya mbele, kisha kwa chini, mpaka kikaisha na moto ukafa. Rukia alikuwa amekaa kwenye nyasi, kiatu kimoja mguuni, akikohoa. Hakuumia. Kiganja cha Feisal kilikuwa kimechubuka ngozi yote.

Wakanisifu.

Hilo ndilo linaloniwasha. Kwenye zahanati, na baadaye kwenye kundi la simu, maneno yalikuwa yale yale: dada alijua, dada alisema joto, dada peke yake ndiye aliyebeba kizima moto. Kahindi aliandika kwamba kuanzia sasa neno langu ndilo sheria. Niliyasoma yote. Sikujibu, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Leo mchana nilikwenda kwao Malindi kumjulia hali. Feisal alikuwa sebuleni, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwikoni. Rukia akaniletea chai ya tangawizi na mahamri. Feisal hakungoja hata ninywe.

"Dada, nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Nisamehe," akasema. "Na nikipona, niandikie orodha. Utakachokiandika ndicho nitakachokifunga."

Ningeweza kunywa chai yangu tu. Mtu niliyemdharau tangu siku ya posa alikuwa akiniomba radhi kwa unyofu ambao mimi mwenyewe sijawahi kuwa nao, na mdogo wangu alikuwa akinitazama kwa fahari.

"Ule mpira wa oili niliuona," nikasema. "Siku ile ulipofungua boneti. Nilijua utaungua."

Rukia aliiweka chini sahani ya mahamri. "Uliuona, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la heshima. Sikulipata. "Nilitaka aaibike."

"Na mimi nilikuwa ndani, dada."

Hakupaza sauti. Alikichukua kikombe changu, hakijapungua hata funda moja, akakirudisha jikoni na hakutoka tena. Nilimngoja kwa muda. Kisha nikavaa viatu vyangu.

Feisal alinifuata mpaka langoni, mkono ameuinua kama alivyoagizwa zahanati. Nilidhani atanitukana, na wallahi ningemshukuru.

"Hata ungesema, siku ile nisingekusikia," akasema. "Unanijua. Lakini ungesema, dada."

Nikaingia garini.

Njia nzima ya kurudi Kilifi nimekuwa nikijiuliza elimu yangu nimeifanyia nini. Siku zote nimejiambia kwamba mimi si kama wao, kwa kuwa mimi najua. Kumbe kujua kwenyewe nilikuwa nakuweka kama peremende mfukoni, nikilamba peke yangu.

Na Feisal si wa pekee. Breki za Kahindi zimebaki chuma kitupu. Nimezisikia zikisaga kwa mwezi mzima, nikacheka moyoni. Yule mwenye bawa ana tairi la nyuma lililopasuka ubavuni. Kila Jumamosi nimekuwa nikizunguka kati ya magari yao nikiokota makosa yao moja moja, na hakuna niliyemwambia.

Bado ni wapumbavu. Hilo halijabadilika. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuona ule mpira akaondoka akitabasamu.

Nimempigia Kahindi kabla sijamaliza kuandika haya. Nimemwambia breki zake zimekwisha na asiliendeshe gari kesho. Akacheka, akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia: tangu mwezi uliopita. Kicheko kikakatika. Akauliza polepole kama kuna kitu kingine ninachokijua kuhusu gari lake.

Kilikuwepo. Nimemwambia chote.

Rukia nimempigia mara mbili. Hajapokea. Nitampigia tena kesho, na akipokea sitakuwa na la kujitetea.